Mfereji wa mtaa ukiziba: Safari ya kero kutoka barazani hadi kwa madiwani

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MASIKA yanapobisha hodi jijini Dar es Salaam, mazungumzo ya vibarazani hubadilika. Wakazi wa mabondeni huanza kupandisha vitanda juu ya matofali, wenye maduka huweka viroba vya mchanga milangoni, na kila anayepita kando ya mfereji hutazama kilichojaa ndani yake: mifuko, makopo, matambara na udongo. Kila mmoja anajua kwamba mvua moja kubwa ikinyesha usiku, maji hayatapita mferejini bali yataingia vyumbani.

Swali ambalo husikika sana wakati huo ni moja: nani anapaswa kuuzibua? Wapo wanaomtaja diwani. Wapo wanaosema ni kazi ya mwenyekiti wa mtaa, wengine wanaitaja manispaa, na wengine huishia kulaumu "serikali" bila kujua ni ofisi ipi hasa. Mwisho wa yote mvua hunyesha, maji huingia, na lawama huanza upya.

Jambo hili si dogo. Mvua zilizonyesha Dar es Salaam kwa siku chache za Desemba 2011 ziliua watu wapatao 40 na kuwaacha maelfu bila makazi. Baadhi ya waathirika walihamishiwa Mabwepande, nje kidogo ya Jiji, na kuanza maisha upya. Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini kote. Aidha, maji machafu yanapochanganyika na visima na vyoo vya shimo, yanayofuata ni maradhi. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia Kinondoni kabla ya kusambaa katika mikoa mingi ya nchi.

Makala haya yanaeleza njia ambayo kero ya mtaa hupitia hadi kupatiwa ufumbuzi, mahali inapokwama, na yale ambayo historia ya Jiji hili imetufundisha pale wakazi na madiwani walipoketi meza moja, na pia pale waliposhindwa kufanya hivyo.

Ngazi ya kwanza: Mtaa

Kwa mujibu wa Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 145 na 146, vyombo vya serikali za mitaa vipo kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) namba 8 ya mwaka 1982 ndiyo inayofafanua jinsi madaraka hayo yanavyotumika mijini.

Mijini, ngazi ya chini kabisa ni mtaa. Tanzania Bara ina mitaa zaidi ya 4,200. Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Mtaa huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano, na uchaguzi wa karibuni ulifanyika Novemba 27, 2024. Pamoja nao yupo Mtendaji wa Mtaa, ambaye hachaguliwi, bali ni mwajiriwa wa halmashauri. Yeye ndiye anayetunza kumbukumbu, kuandika mihtasari ya vikao na kufikisha barua kwenye ngazi ya kata.

Hapa ndipo wakazi wengi wanapochanganya mambo. Balozi, au mjumbe wa nyumba kumi, si kiongozi wa serikali ya mtaa. Mfumo huo uliasisiwa na chama cha TANU katika miaka ya 1960 na kurithiwa na Chama Cha Mapinduzi. Hadi leo watu wengi humwendea balozi wanapogombania mpaka wa kiwanja au wanapohitaji mtu wa kuwatambulisha, na heshima yake mtaani ni kubwa. Hata hivyo, barua yenye uzito kisheria na kikao chenye mamlaka ya kuidhinisha jambo la maendeleo hutoka katika ofisi ya serikali ya mtaa.

Chombo kikubwa zaidi katika ngazi hiyo si mwenyekiti wala kamati yake, bali ni mkutano wa wakazi. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria, kuuliza na kuamua, awe mwenye nyumba au mpangaji. Mkutano huo ndio unaosomewa mapato na matumizi, na ndio unaopaswa kusema ni kero ipi itangulie: mfereji, choo cha shule ya msingi, taa za barabarani au ulinzi.

Kwa bahati mbaya mikutano hiyo mara nyingi huhudhuriwa na watu wachache. Mijini wengi hutoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, na wapangaji hujiona kama wapita njia. Matokeo yake ni kwamba watu wachache huamua kwa niaba ya maelfu, kisha maelfu hao hulalamika kwamba hawakushirikishwa. Kikao kinapoahirishwa kwa kukosa mahudhurio, hakuna muhtasari unaoandikwa, na pasipo muhtasari diwani hana cha kubeba kwenda nacho mbele.

Ngazi ya pili: Kata na diwani

Mitaa kadhaa huunda kata, na kila kata huchagua diwani mmoja katika Uchaguzi Mkuu. Wapo pia madiwani wa viti maalumu, ambao ni wanawake wanaopatikana kupitia vyama vyao kwa kuzingatia matokeo ya uchaguzi huo.

Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Katika kamati hiyo huketi wenyeviti wote wa mitaa ya kata husika pamoja na madiwani wa viti maalumu wanaoishi humo, na Mtendaji wa Kata ndiye katibu. Hapo ndipo kero za mitaa hukutana na kushindanishwa. Mtaa mmoja unataka zahanati, wa pili unataka mfereji, wa tatu unataka madawati, na fedha hazitoshi kwa vyote. Kamati inapaswa kupanga vipaumbele na kuvipeleka katika halmashauri.

Ni vyema ieleweke kwamba diwani si mtendaji. Hana bajeti mfukoni, hana greda na hana mamlaka ya kumwamuru mhandisi aende eneo fulani kesho asubuhi. Mamlaka yake yako katika kikao. Katika Baraza la Madiwani, ambalo hukutana kila baada ya miezi mitatu, na katika kamati za kudumu kama ile ya Fedha na ile ya Mipangomiji na Mazingira, diwani anaweza kuhoji kwa nini fedha zilizopitishwa hazijatumika, kupinga mradi usio na tija, na kupiga kura kupitisha au kukataa bajeti. Meya huchaguliwa na madiwani wenyewe kutoka miongoni mwao. Mkurugenzi, ambaye ndiye mtendaji mkuu na katibu wa vikao hivyo, huteuliwa na Rais.

Muundo huo una faida na mtego wake. Faida ni kwamba mtaalamu anayetumia fedha anahojiwa na mtu aliyechaguliwa na wananchi. Mtego ni kwamba mtu huyo aliyechaguliwa hana uwezo wa kumwondoa mtaalamu aliyeteuliwa na mamlaka ya juu. Kwa sababu hiyo nguvu ya diwani hutegemea sana ushahidi alio nao mkononi. Diwani anayesimama barazani na kusema "wananchi wangu wanalalamika" husikilizwa kwa dakika moja. Lakini anayesimama na muhtasari wa mkutano wa wakazi wenye sahihi, orodha ya nyumba zilizoingiliwa na maji na picha za mfereji huo si rahisi kumpuuza.

Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi na waandishi wa habari, ingawa ni wakazi wachache wanaokwenda kusikiliza.

Nani anahusika na nini?

Tatizo jingine linalowachosha wakazi ni kuzungushwa kati ya ofisi moja na nyingine. Sehemu ya sababu ni kwamba majukumu mengi ambayo zamani yalikuwa ya halmashauri yamehamishiwa katika taasisi nyingine.

Barabara ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Barabara kuu na za mikoa zimekuwa chini ya Wakala wa Barabara (TANROADS) tangu mwaka 2000. Barabara za mitaa zilibaki kwa halmashauri hadi mwaka 2017, ulipoanzishwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Tangu wakati huo mhandisi wa barabara za mtaa hayuko tena chini ya mkurugenzi wa halmashauri, na mifereji iliyo kando ya barabara hizo imekwenda pamoja naye. Hata hivyo, mkazi akitumbukia kwenye shimo la barabara, wa kwanza kulaumiwa bado ni diwani.

Majisafi na majitaka ya Dar es Salaam ni jukumu la DAWASA, ambayo mwaka 2018 iliunganishwa na DAWASCO na kuwa mamlaka moja. Nguzo ya umeme iliyoinama ni ya TANESCO. Kelele za baa na mitambo huangukia kwa halmashauri na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Uhalifu ni wa Jeshi la Polisi, kwa kushirikiana na ulinzi shirikishi wa mtaa.

Kilichobaki mikononi mwa halmashauri moja kwa moja bado ni kikubwa: ukusanyaji wa taka, masoko, zahanati na vituo vya afya, shule za msingi na sekondari, vibali vya ujenzi, maeneo ya wazi, na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Je, hii ina maana kwamba diwani hana la kufanya kuhusu barabara au maji? La hasha. Kamati ya Maendeleo ya Kata inaweza kumwalika meneja wa wakala husika aje ajieleze mbele ya wenyeviti wa mitaa. Baraza la Madiwani linaweza kuhoji na kuweka msimamo wake katika kumbukumbu. Lakini mkazi anayejua tangu mwanzo kwamba mfereji wake uko kando ya barabara ya TARURA atatuma nakala ya barua huko siku hiyo hiyo, badala ya kusubiri miezi mitatu ili aelekezwe huko.

Jambo la kalenda

Wakazi wengi hupeleka maombi yao maji yakiwa yameshaingia ndani, yaani Aprili au Mei. Wakati huo ni wa dharura, na kinachoweza kupatikana ni msaada wa dharura tu.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Ili mradi uingie katika bajeti, safari yake huanza miezi mingi kabla. Mitaa na kata hupaswa kuibua vipaumbele katika miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia. Halmashauri hupitisha makadirio yake kati ya Januari na Februari, ndipo yanapokwenda mkoani na hatimaye bungeni. Ombi linalofika ofisi ya kata mwezi Machi, hata likiwa la haki kiasi gani, limeshachelewa kwa mwaka mzima.

Utaratibu wa kuibua vipaumbele kuanzia chini una jina lake: Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ulioanza kutumika nchini miaka ya mwanzo ya 2000. Wakazi huketi, hutaja walicho nacho na kinachowakwamisha, kisha huandika mpango wa mtaa wao. Udhaifu wake unafahamika. Mara nyingi orodha ya mahitaji huwa ndefu kuliko fedha zilizopo, na miradi ya wananchi hufutwa ngazi za juu bila wao kurudishiwa majibu. Mkazi aliyetoa maoni yake mara mbili bila kujibiwa haji mara ya tatu.

Hapa ndipo diwani anapopimwa. Kurudi kwa wananchi na kuwaambia "mfereji haukupita mwaka huu kwa sababu hizi" ni jambo gumu kisiasa, lakini hujenga imani kuliko kukaa kimya. Mwananchi anaweza kuvumilia kukosa, ila hawezi kuvumilia kudharauliwa.

Hananasif: Wakazi waliposhika koleo

Dar es Salaam ina mifano ya ushirikiano uliozaa matunda. Mmojawapo ni wa Hananasif, Kinondoni, makazi yasiyopimwa yaliyo pembezoni mwa bonde la Mto Msimbazi, kilomita chache kutoka katikati ya Jiji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 eneo hilo lilikuwa likifurika kila msimu wa mvua. Hapakuwa na mifereji wala barabara za kupitisha gari la taka au la wagonjwa. Mwaka 1994 ulianza mradi wa kuboresha miundombinu kwa ushirikiano wa wakazi, Jiji na wafadhili, wakiwamo Shirika la Kazi Duniani (ILO), Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) na Mfuko wa Ford.

Kilichoutofautisha mradi huo na mingine ni kwamba wakazi hawakuwa watazamaji. Waliunda kamati, wakashiriki kuamua mifereji ipite wapi, wakachangia sehemu ya gharama, na chama chao kikawa mshirika katika mikataba ya ujenzi. Kazi ilifanywa kwa nguvu za watu badala ya mitambo mikubwa, hivyo vijana na wanawake wa hapo hapo walipata ujira kwa kuchimba na kujenga. Baada ya ujenzi uliwekwa utaratibu wa kutoza ushuru mdogo magari yanayoingia mtaani ili fedha hizo zigharimie matengenezo.

Mafuriko yalipungua na magari yakaanza kupita. Hata hivyo, si yote yaliyokwenda vizuri. Eneo lilipopendeza, kodi za vyumba nazo zilipanda, na wapangaji wenye kipato cha chini ndio walioumia. Ari ya matengenezo ilipungua wafadhili walipoondoka. Funzo lake ni kwamba kujenga mfereji ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuutunza, na hiyo haina sherehe ya uzinduzi wala utepe wa kukata.

Uzoefu wa Hananasif ulisaidia kuandaa mpango mkubwa zaidi wa kuboresha miundombinu katika makazi yasiyopimwa, uliotekelezwa kwa fedha za Benki ya Dunia katika miaka ya 2000 kwenye mitaa ya Ilala, Kinondoni na Temeke, ikiwamo ya Buguruni na Manzese. Huko nako wakazi walitakiwa kuchangia na kuchagua wenyewe ni njia ipi au mfereji upi uanze.

Tabata: Mazungumzo yaliposhindikana

Upo pia mfano wa upande wa pili. Katika miaka ya 1980 taka za Jiji zilikuwa zikimwagwa Tabata, jirani kabisa na makazi ya watu. Moshi, harufu na nzi viliwasumbua wakazi, na malalamiko yao kwa Halmashauri ya Jiji hayakuzaa matunda. Mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu.

Mahakama iliwapa ushindi na kuamuru dampo lifungwe. Jiji liliomba kuongezewa muda zaidi ya mara moja. Jaji Kahwa Lugakingira alipokataa maombi hayo, alihusisha uchafuzi ule na haki ya kuishi iliyomo katika Katiba. Hadi leo kesi hiyo hutajwa na wanasheria wa mazingira nchini.

Baadaye dampo likahamishiwa Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi. Kwa maneno mengine, wakazi wa Tabata walishinda, lakini kero haikuisha. Ilihamia kwa jirani. Kama wawakilishi wa kata zote zilizohusika wangeketi mapema na kupanga mahali pa kudumu pa kutupa taka za Jiji zima, huenda wakazi wa Vingunguti wasingeamka asubuhi moja na kukuta malori mlangoni kwao.

Tukio hilo linaonyesha mipaka ya kupigania mtaa mmoja mmoja. Maji, taka na moshi havijui mpaka wa kata. Mfereji unaosafishwa mtaa wa juu na kuachwa mtaa wa chini hupeleka mafuriko kwa wa chini. Kwa hiyo madiwani wa kata jirani wanapaswa kuzungumza wao kwa wao, kama wanavyozungumza na wananchi wao.

Ramani mikononi mwa wakazi

Katika miaka ya karibuni wakazi wamepata chombo kingine cha kujengea hoja. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa Tandale walichora ramani ya kata hiyo, wakiweka vichochoro, visima, vyoo na mifereji ambayo haikuwamo katika ramani yoyote rasmi. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, uliopanua kazi hiyo katika kata nyingi za Jiji kwa kuwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi, lengo kuu likiwa kubaini maeneo yanayofurika.

Ramani ya namna hiyo hubadilisha mazungumzo. Badala ya mkazi kusema maji "yanatusumbua sana," anaonyesha mfereji unapoishia ghafla, nyumba iliyojengwa juu yake, na njia ambayo maji hulazimika kufuata. Mhandisi anakuwa na mahali pa kuanzia, na diwani anakuwa na karatasi ya kuweka mezani.

Imani iliyopungua

Pamoja na hayo yote, kuna swali ambalo haliwezi kukwepwa: je, wananchi bado wanaamini kwamba vikao hivi vina maana?

Historia haijasaidia. Serikali za mitaa zilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 chini ya sera ya Madaraka Mikoani. Huduma za mijini zikadorora, kipindupindu kikazuka, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarejeshwa. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa tena mwaka 1996 na nafasi yake kuchukuliwa na Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, hadi zilipoanza manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke mwaka 2000. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa kwa mara nyingine, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Kila mabadiliko yanapotokea, mafaili huhama, maofisa hubadilika, na mkazi mwenye barua yake huanza upya.

Chaguzi nazo zimeacha maswali. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijiondoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao, na chama tawala kikapata karibu viti vyote. Mwaka 2024 matokeo hayakutofautiana sana na hayo, huku malalamiko ya kuenguliwa yakisikika tena. Pale ambapo madiwani na wenyeviti karibu wote ni wa chama kimoja, kazi ya kuhoji ndani ya kikao hubaki kuwa ya dhamira ya mtu binafsi. Ndiyo maana macho ya wakazi yanahitajika zaidi sasa kuliko wakati mwingine.

Kuna pia suala la michango. Mkazi anayeombwa fedha ya ulinzi, ya taka au ya mfereji bila kupewa stakabadhi, na asisomewe matumizi mwisho wa mwezi, ana haki ya kusita. Mchango halali ni ule uliokubaliwa kikaoni au uliowekwa na sheria ndogo ya halmashauri, unaolipwa kwa stakabadhi na kusomewa hesabu hadharani. Aidha, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Si lazima mtu awe mwandishi wa habari ili aitumie.

Nini cha kufanya?

Kwa mkazi mwenye kero, njia iliyo fupi ni hii. Kwanza, abaini kero hiyo ni ya ofisi ipi. Pili, aipeleke kwa maandishi katika ofisi ya mtaa na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Tatu, yeye na majirani zake waombe iwe ajenda katika mkutano wa wakazi, nao wahudhurie. Nne, wahakikishe muhtasari umeandikwa na umefika kwa Mtendaji wa Kata kabla ya kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Tano, wamwombe diwani tarehe ya kuwaletea majibu, hata kama majibu yenyewe si mazuri.

Kwa upande wa diwani, si lazima asubiri mvua ndipo atembelee mabondeni. Ziara ya Septemba, kabla vipaumbele vya bajeti havijapangwa, ina manufaa kuliko ziara kumi za Aprili akiwa amevaa mabuti. Mkutano wa hadhara wa kila robo mwaka, unaofanyika mara tu baada ya Baraza la Madiwani, ungetosha kuwaeleza wananchi kilichopitishwa, kilichokwama na aliyekikwamisha.

Na kwa wote, kuna yale yasiyohitaji bajeti. Mfereji hauzibwi na serikali. Huzibwa na mfuko unaotupwa usiku, na udongo unaosombwa kutoka kiwanja cha anayejenga. Mtaa uliokubaliana kuuzibua mfereji wake Jumamosi moja kila mwezi unapokwenda kwa diwani kudai ule mkubwa wa zege, unakwenda ukiwa umetimiza wajibu wake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa wakazi wa mabondeni, ukuta unaozungumzwa si wa methali. Ni ule wa chumba wanacholala watoto, na masika hayasubiri kikao kilichoahirishwa.